Kutoka Senafe Hadi Adigrat

Nyumba tunayokaa Bellevue ina vyumba saba, na mwenye nyumba, mama wa Kikongo anayeitwa Victorine, hakuacha hata baraza. Aliizungushia mbao akampangisha mtu. Mimi niko chumba cha mbele kwa sababu cherehani inataka mwanga. Nashona mapazia na sare za shule. Kwetu ni Tanga, lakini mwaka huu natimiza miaka kumi na minne hapa Johannesburg, na kama nisingekuwa na simu ya kuongea na nyumbani sijui lugha yangu ingekuwa imefika wapi.

Chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta mwembamba, anakaa Abrehet. Alihamia mwaka 2012 na begi moja na chungu cheusi cha kahawa chenye shingo ndefu. Nilimsalimu kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, naye akanijibu kwa Kiswahili. Kumbe alikaa Nairobi miaka minne, mtaa wa Eastleigh, akisuka nywele. Alikuwa akisema “hiyo mtu” na “vitu yangu”, nami nikimrekebisha na kucheka. Siku hizi yeye anasema “mtu yule” kama mzaliwa wa pwani, na mimi ndiye ninayejisikia nikisema “hiyo mtu”.

Kwao ni Senafe, mji wa milimani kule Eritrea, karibu na mpaka wa Ethiopia. Alinisimulia mara nyingi, hasa majira ya baridi, maana alisema asubuhi ya Julai ya Johannesburg na asubuhi ya Senafe ni ndugu. Nyuma ya mji kuna miamba mikubwa iliyosimama wima, na jua likichomoza huanza kuigusa miamba kabla ya kugusa paa la mtu yeyote. Ukishika barabara ya kusini unafika Zalambessa, mji mdogo ulio palepale mpakani, na ukiendelea, kabla hujachoka kukaa kwenye kiti, umefika Adigrat, mji mkubwa wa upande wa pili. Zamani basi lilitoka Senafe asubuhi na watu wakala chakula cha mchana Adigrat. Lugha yao ni moja, Kitigrinya, na dini ni moja, na shamba la mtu wa huku limepakana na shamba la mtu wa kule.

Dada yake Abrehet, Letekidan, aliolewa Adigrat mwanzoni mwa mwaka 1997. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa asali. Abrehet alikuwa na miaka kumi na minne. Alimsindikiza bibi harusi kwenye basi lililojaa wanawake wenye ngoma, na jioni wakarudi Senafe, yeye akilia njia nzima. Mama yao akamwambia asilie kama mtu aliyefiwa, kwani Adigrat ni pale tu, atakwenda kumwona dada yake baada ya mavuno. Mwaka uliofuata vita vikaanza, barabara ikafungwa, na simu kati ya nchi mbili zikakatwa. Ikawa hivyo miaka ishirini.

Mambo hayo alinieleza kidogo kidogo. Jambo moja alilinieleza mara moja tu, tukiwa tunakunja nguo, na hakulirudia. Walikuwa na kaka, Tekie, aliyekuwa katikati yao kwa umri. Tekie aliuawa vitani mwaka 2000, karibu na barabara ileile ya basi la harusi. Familia iliambiwa baada ya miaka mitatu.

Nilimwuliza kama Letekidan alijua. Abrehet alisema kwamba zamani walikuwa na shangazi Khartoum aliyepitisha barua, na mama yao alikataza habari ya Tekie isiandikwe, kwa kuwa Letekidan yuko peke yake kwa watu wa upande wa pili na hana wa kumshika akianguka. Kisha shangazi akafariki, mwaka 2009, na barua zikaisha. Nikasema, lakini wewe uko Afrika Kusini, simu ya hapa inapiga kokote, kwa nini usimtafute. Akachukua shuka zake, akasema kuna maji jikoni yanachemka.

Sasa nimtaje Kahsay. Huyu ana duka la vitambaa mtaa wa Jeppe, mjini, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani la madaktari ambalo siku hizi kila chumba ni duka la Mhabeshi, Mwethiopia au Mweritrea. Vitambaa vyangu vya mapazia navinunua kwake, maana hakupimii kwa kuvuta. Yeye ni mtu wa Zalambessa. Vita vilipokwisha mji wao ulikuwa kifusi, akakulia Adigrat kwa mjomba wake. Naye alipitia Nairobi, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza lakini kinafika.

Mwaka 2013 nilikwenda dukani kwake na Abrehet, nikidhani nawafurahisha wote wawili. Wakaanza kuongea Kitigrinya, nikaona Kahsay anachangamka, anavuta kiti. Halafu akauliza swali, Abrehet akajibu Senafe, akauliza yeye, Kahsay akajibu Zalambessa, na Abrehet akaweka kitambaa mezani akashuka ngazi. Nilimkuta chini karibu na robot, taa za barabarani, mikono ameificha ndani ya shali. Alisema tu kwamba hatapanda tena pale. Hakupanda tena. Lakini Kahsay kila nilipokwenda aliniuliza jirani yangu hajambo, miaka mitano mfululizo, nami nikijibu hajambo.

Julai 2018 ndipo mambo yalipogeuka. Tulikuwa jikoni kwa Victorine, ambako ndiko kuna televisheni, na taarifa ya habari ikaonyesha viongozi wa nchi zile mbili wanakumbatiana uwanja wa ndege. Abrehet alikuwa ameshika kisu na kitunguu. Alisimama hivyo mpaka taarifa ikaisha, ikaingia ya mpira, na bado alikuwa amesimama.

Jumapili hiyo alipiga simu Senafe kama kawaida yake, kwenye duka la jirani wa mama yake, na mama akaitwa. Aliporudi chumbani kwangu alikaa juu ya kitanda changu akanieleza. Mama yake alisema watu wanasema barabara itafunguliwa. Alisema ana miaka sabini na sita na hataki kufika Adigrat kugonga mlango akute wageni. Kwa hiyo Abrehet amtafutie Letekidan, ajue anakaa wapi na kama yu hai.

“Basi kesho twende kwa Kahsay,” nikamwambia. “Adigrat ndiko alikokulia.”

Akasema atafikiria. Ikapita wiki moja, ikapita ya pili. Kila nikiuliza, saluni kuna wateja wengi, au kichwa kinamuuma. Nilidhani ni kisirani cha vita, kwamba hataki kuomba kitu kwa mtu wa upande ule. Nikaona, mama mzima wa miaka sabini na sita anasubiri, na mimi kwa Kahsay ni mteja. Siku ya Jumanne nilikwenda kununua kitambaa cha kijani cha shule, na nilipomaliza kulipa nikamwambia yote. Jina la Letekidan, jina la baba yake, mume anauza asali, harusi ilikuwa lini. Kahsay aliandika nyuma ya karatasi. Hakuuliza kama Abrehet amenituma. Nadhani alijua hakunituma.

Usiku huohuo sikulala vizuri, na asubuhi nikamwambia Abrehet nilichofanya. Sikutegemea alivyokasirika. Hakupiga kelele. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, “Dada Zubeda, umenichukulia kitu ambacho hakikuwa chako.” Akaingia chumbani kwake. Siku nne hakunigongea ukuta asubuhi kama alivyozoea, na harufu ya kahawa ilipopita chini ya mlango nilijua sikualikwa. Mimi nina ndugu wengi na nimegombana na wote, lakini siku zile nne zilinitesa kuliko ugomvi wowote wa Tanga. Nilishona suruali moja miguu yote miwili ya kushoto, nikaifumua.

Siku ya tano, Jumapili mchana, Kahsay alikuja mwenyewe nyumbani. Victorine alimfungulia geti akamleta mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alisema mwanamke amepatikana; mjomba wake yeye Kahsay anamfahamu mume tangu zamani. Yuko hai, wote wako hai, ana watoto watatu. Akanipa namba ya simu iliyoandikwa vizuri, akasema yeye anaondoka, hataki kumsumbua dada yule.

Ukuta wetu ni mwembamba, nimeshasema. Abrehet alikwishatoka. Alisimama mlangoni kwake akisikia, na ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wawili hawa wakitazamana tangu 2013. Alimwambia kitu Kitigrinya. Kahsay akarudi akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

Abrehet akanigeukia. Alisema kwamba mimi nilidhani anamkwepa Kahsay. Ndiyo, alimkwepa, lakini hilo ni dogo.

“Dada yangu hajui kwamba Tekie amekufa,” akasema. “Nikimpata, mimi ndiye nitakayemwambia. Ndiyo maana sikumtafuta.”

Hapo nikaelewa nilichukua nini. Nikamwomba radhi, kwa maneno yanayostahili, na yeye akanishika mkono akaukandamiza, akasema tukae.

Alipiga simu palepale, juu ya meza yangu ya kukatia, sauti ikiwa wazi kwa sababu alisema hawezi kuishika simu sikioni. Sikujua maneno, lakini Kahsay alinitafsiria baadaye, na mengine niliyaelewa bila tafsiri. Sauti ya mwanamke ikaitika. Abrehet akasema jina lake. Kisha yule mwanamke akaanza kusema neno moja, haftey, haftey, yaani dada yangu, kama mtu anayeita kitu kutoka ndani ya kisima. Walilia, wakacheka, wakalia tena. Letekidan aliuliza mama, akaambiwa yu hai. Aliuliza baba, akaambiwa amefariki, miaka minane sasa, kitandani kwake, kwa amani. Hilo alilipokea, alisema alikuwa amelihisi.

Halafu akasema, “Na Tekie hajambo? Mwanangu wa pili nimempa jina lake. Ana miaka kumi na saba, na ni mkaidi kama yeye.”

Abrehet aliweka viganja viwili juu ya meza. Nilimwona anatafuta pa kuanzia. Akamwambia. Alimwambia mwaka, na mahali, na kwamba mama ndiye aliyekataza asiandikiwe. Kutoka kule Adigrat ikaja sauti ambayo sijaisikia hata misibani kwetu, na nyuma yake tukasikia milango inafunguliwa, watu wanaingia, mwanamume anauliza kuna nini. Mvulana mmoja akachukua simu. Alikuwa Tekie huyu mwingine. Alisema, “Shangazi, tutapiga tena, mama ameketi chini,” na simu ikakatika. Baadaye alimwita Abrehet mama mdogo, lakini siku ile kwa kiwewe alimwita shangazi.

Kwa desturi zao habari ya kifo haiachwi ikapita hivi hivi, hata iwe imechelewa miaka kumi na minane. Kule Adigrat waliweka matanga siku hiyohiyo. Letekidan alisema baadaye kwamba wazee waliokuja kukaa naye ni watu waliopoteza vijana wao katika vita hivyohivyo, na hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa amevaa sare ya nani. Abrehet alisema haiwezekani dada yake akae matanga peke yake. Basi na sisi tukaweka, Bellevue.

Victorine alitoa viti vya jumuiya yake ya kanisa na turubai la bluu tukalifunga uani, kwa kuwa upepo wa Julai hauna adabu. Mimi na Marcelline wa chumba cha nne, msusi mwenzake Abrehet kutoka Bukavu, tulipika dengu kwenye sufuria kubwa, maana ilikuwa siku zao za kufunga na nyama haikuruhusiwa. Siku ya kwanza walikuja Waeritrea, watu kama kumi na wawili. Siku ya pili jioni geti likagongwa na Kahsay akaingia na wenzake wa Jeppe, wanaume wanane na wanawake watatu, Watigray wa upande wa Ethiopia. Kahsay alikwenda mpaka mbele ya Abrehet, akainama, akasema yale yanayosemwa kwa mfiwa katika lugha yao. Kisha akasema, na hili alinitafsiria mzee mmoja aliyekaa karibu nami: “Nyumba yetu Zalambessa ilibomolewa, na kaka yako alikufa kwenye ile barabara. Niruhusu nikae.”

Abrehet alisogeza shali yake kwenye kiti cha pembeni ili apate nafasi. Akakaa. Wenzake wakatafuta viti, Victorine akaleta vingine, mtu akampisha mtu, na baada ya muda nilipopita na sinia sikuweza tena kujua nani wa upande gani, maana wote walinishukuru kwa neno moja. Nilisikia wanatajiana majina ya vijiji, wakikatizana, kila mmoja akitaja jirani wa jirani. Bibi mmoja aligundua kwamba mzee wa Jeppe alisoma darasa moja na marehemu mumewe.

Siku ya tatu walianua matanga. Abrehet alilala saa kumi na nne mfululizo. Alipoamka aligonga ukuta, mara mbili, kama zamani, na nikaenda kunywa kahawa. Vikombe vitatu, kama wanavyofanya. Alisema anajisikia mwepesi kama mtu aliyetoka homa.

Geti la mpaka lilifunguliwa tarehe kumi na moja Septemba, siku ya mwaka mpya wao. Tuliiona kwenye simu, video iliyotumwa na Tekie mdogo: watu wa pande mbili wanakimbia katikati ya barabara, wanakumbatia hata wasiowajua, kuku mmoja anapita katikati yao bila haraka. Wiki iliyofuata mama yao alipanda basi Senafe asubuhi. Alikula chakula cha mchana Adigrat.

Kuna jambo ambalo sisi wa huku tunalisahau. Senafe simu za mkononi hazina intaneti, kwa hiyo tangu Abrehet atoke kwao mwaka 2004 hakuwa ameuona uso wa mama yake. Alikuwa na sauti tu, na foleni ya watu dukani ikisikia. Adigrat mtandao upo. Jumamosi mchana simu ya Abrehet ikaita kwa video. Alikimbia nayo mpaka uani, penye mwanga, na sisi wote nyuma yake, mimi na Victorine na Marcelline, hata mpangaji wa baraza ambaye huwa haongei na mtu.

Kwanza tuliona kipaji cha uso na ukingo wa shali nyeupe, kisha dari, kisha kidole. Tekie mdogo akaishika simu vizuri, na mama akatokea. Alikuwa mdogo wa mwili, na nywele zimesukwa mistari myembamba kichwani. Alimtazama binti yake. Halafu mama akauliza kwa nini amekonda hivyo, na kama huko Afrika Kusini watu hawali. Abrehet akacheka mpaka akakaa chini kwenye zege, akajibu kwamba wanakula, wanakula sana, akaigeuza simu ituonyeshe sisi kama ushahidi.

Mama alituangalia mmoja mmoja. Kwangu alisimama. Abrehet alikuwa ameshamweleza mimi ni nani na nilifanya nini, na sikujua amenieleza vipi. Mama akasema kitu kirefu.

“Anasema,” Abrehet akanitafsiria, “mtu anayeingilia mambo ya watu, kijiji kizima humchukia, na bila yeye kijiji hakiendi.”

Nilimwambia amjibu mama kwamba Tanga pia wanasema hivyohivyo, hasa nusu ya kwanza. Yule bibi alicheka, na alipocheka nilimwona Abrehet mzima usoni mwake.

Mama alikaa Adigrat mpaka mwanzoni mwa Desemba. Walipiga karibu kila siku. Nilizoea kushona nikisikia sauti zao upande wa pili wa ukuta, mama na binti wawili, wakigombana kuhusu chumvi. Kisha mama akaanza kulalamika kwamba ng’ombe wake kaachiwa watu, na Letekidan akampeleka nyumbani kwa basi. Letekidan mwenyewe alikaa Senafe wiki mbili. Alikwenda kaburini kwa baba, na kanisani akaweka mshumaa kwa Tekie, na asubuhi aliona jua likigusa miamba. Alirudi Adigrat, na siku chache baada ya kurudi kwake, geti likafungwa tena. Hakuna aliyetangaza, wasafiri walifika tu wakaambiwa wageuze.

Niliposikia nilimfuata Abrehet saluni, nikiwaza nitamkuta katika hali gani. Alikuwa anamsuka mteja. Alisema ndiyo, amesikia.

“Linafungwa, litafunguliwa,” akasema. “Lakini sasa hakuna tena jambo la kufichana. Mama amelala nyumba ya dada, na dada amelala nyumba ya mama.” Akaniomba nimpokezee kitana.

Namba anazo, na simu kati ya nchi zile mbili zinapigika mpaka leo. Tekie mdogo amepata nafasi chuo kikuu Mekelle, anasoma uhandisi, na humwandikia mama yake mdogo kila siku kumwomba viatu vya mpira.

Mwezi uliopita Abrehet alipanda na mimi Jeppe, ghorofa ya tatu, kwa miguu yake. Nilikuwa nataka lesi nyeupe ya mapazia ya harusi. Kahsay akavuta viti viwili. Wakaanza kuongea, na nikiwa napima lesi niliona sauti zinapanda, mikono inarushwa, Kahsay anamwita jirani wa duka la blanketi aje aseme ukweli, jirani naye anasema lake. Ilichukua karibu nusu saa. Tuliposhuka nilimwuliza kwa wasiwasi wamegombania nini.

“Siku ya gulio la Zalambessa,” akasema. “Yeye anasema lilikuwa Jumamosi. Mimi nakumbuka kabisa ilikuwa Jumatano. Nimemwambia nitampigia mama.”

Tulikula viazi vya kukaanga kwenye kona, tukapanda teksi ya Yeoville ya kurudi nyumbani, na njia nzima alikuwa anaitafuta namba ya mwenye duka wa Senafe.